Kipimo kipi cha chumvi ununue kwa tangi la maji ya bahari?

Maji yanapopungua tangini kwa mvuke, chumvi hubaki. Tangi la lita 100 lenye chumvi ya sehemu 35 kwa 1,000, ambacho ndicho kiwango cha kawaida cha bahari, likipoteza lita 5 bila kujazwa hufika karibu 36.8. Samaki wengi watavumilia. Matumbawe na viti vya pweza hali yao ni ngumu zaidi, maana chumvi ya ndani ya miili yao hufuata ile ya maji yanayowazunguka, na ikipanda na kushuka kila wiki wanadhoofika. Ndiyo maana nasisitiza kipimo kizuri kinunuliwe kabla ya taa za kifahari. Hivi ndivyo ninavyovipanga.

Nafasi ya kwanza: rifraktomita ya mkononi, kifaa kinachopima chumvi kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga. Unadondosha matone mawili matatu juu ya kioo chake, unafunika, unaielekeza kwenye mwanga na kusoma pale rangi ya buluu inapokutana na nyeupe. Haihitaji betri, na ikitunzwa hudumu miaka. Kabla ya kulipa, uliza swali moja: skeli yake ni ya maji ya bahari au ya chumvi ya kawaida? Zipo nyingi zinazouzwa kwa wafugaji wa samaki ilhali zimetengenezwa kupima maji ya chumvi ya mezani. Maji ya bahari yana pia magnesiamu, kalsiamu na salfeti, hivyo hupinda mwanga kwa namna tofauti kidogo, na skeli ya chumvi ya mezani huongeza kama sehemu moja na nusu. Unaona 36.5, kumbe maji yako ni 35 barabara.

Dawa yake ni chupa ya maji ya kusahihishia yenye chumvi ya 35, na kwangu chupa hii ni sehemu ya ununuzi wenyewe. Watu wengi husahihisha rifraktomita kwa maji yasiyo na madini hadi isome sifuri, kisha wanaiamini. Kifaa kinaweza kusoma sifuri sawasawa na bado kikakosea kwenye 35, na 35 ndipo unapohitaji ukweli. Sahihisha hapo. Zipo rifraktomita zenye alama ya kujirekebisha kwa joto. Hata kwa hizo, yape matone nusu dakika yatulie kwenye kioo kabla ya kusoma.

Ya pili ni kalamu ya kupima upitishaji umeme. Kadiri chumvi inavyozidi ndivyo maji yanavyopitisha umeme zaidi: maji ya bahari ya 35, kwenye nyuzi 25 za Selisiasi, hupitisha takribani milisimensi 53 kwa sentimita. Unaichovya, unasoma namba, basi. Nimeishusha nafasi moja kwa sababu inadai utunzaji. Kiputo kimoja cha hewa kikinasa kwenye ncha, namba inashuka. Uchafu ukiganda, vivyo hivyo. Isuuze kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kila baada ya kutumia. Usinunue isiyorekebisha joto yenyewe, kwani upitishaji hubadilika kama asilimia 2 kwa kila nyuzi moja.

Rifraktomita ya dijitali naiweka ya tatu. Ni nzuri kwa mtu ambaye macho yanamsumbua kusoma mistari midogo, ila aina nyingi husahihishwa kwa maji matupu tu, kwa hiyo bado utahitaji ile chupa ya 35 kuihakiki. Mwanga mkali wa taa za tangi nao huivuruga.

Haidromita ya kioo inayoelea, kipimo cha uzito wa maji, ni ya nne. Ikiwa ndefu na yenye mistari iliyoachana, ni sahihi kuliko watu wanavyodhani. Tazama joto lililoandikwa juu yake. Iliyotengenezwa kwa nyuzi 15 itakudanganya kwenye tangi la nyuzi 25 usiporekebisha hesabu.

Ya mwisho ni haidromita ya plastiki yenye mshale. Viputo hushika mshale na kuunyanyua, chumvi hukauka kwenye egemeo lake. Kwa tangi la samaki peke yao inaweza kukusogeza kwa muda. Kwa matumbawe, hapana.

Kipimo hukuonyesha tatizo. Kinacholizuia ni kifaa cha kujaza maji kinachojiendesha, na hicho ndicho ununuzi unaofuata. Chagua chenye sensa mbili, yaani vihisi vya usawa wa maji, kwani konokono anaweza kukaa juu ya moja, au boya likakwama, na pampu isizime. Zingatia pia ukubwa wa ndoo ya akiba. Lita 10 za maji baridi zikimwagika zote kwenye tangi letu la lita 100 zitashusha chumvi kutoka 35 hadi karibu 31.8, ilhali lita 3 zitaishusha hadi 34 tu, na wanyama wako watapona. Ndoo ndogo, basi, hata kama utaijaza mara nyingi zaidi. Mdomo wa bomba uuweke juu ya usawa wa maji, la sivyo pampu ikizima, maji ya tangi yanaweza kujivuta yenyewe kurudi ndooni.