Uzoefu wangu: shokapu za gesi na bushi mpya nyuma ya Datsun 240Z

Shokapu za gesi za KYB nilizofunga nyuma ya Datsun 240Z yangu, gari la michezo la zamani, zimelituliza gari vizuri sana, na ningezinunua tena. Lakini ugumu wa kazi hii hauko kwenye shokapu. Uko kwenye pini ndefu ya chini inayounganisha amu (mkono wa chini unaotoka kwenye difu) na nguzo ya tairi (ile yenye bomba la shokapu).

Agiza katriji mbili (ndizo shokapu zenyewe, huingia ndani ya bomba la nguzo), bushi nane (kila amu ina mbili upande wa difu na mbili upande wa tairi), raba mbili za kuzuia kugonga, na pini mbili pamoja na nati zake. Katriji ziwe za 240Z hasa, kwa kuwa bomba la 280Z lina vipimo vingine. Pini usingoje kuziagiza baadaye: ya zamani ikiganda, aghalabu hutoka imeharibika.

Weka kabari tairi za mbele, nyanyua nyuma, egemeza bodi kwenye stendi, kamwe usiitegemee jeki peke yake. Fungua hafu shafti, kebo ya hendibreki na hosi ya breki. Nati za bomba la breki zifungue kwa spana yake maalumu, ya kawaida huzila kona.

Sasa pini. Katikati yake kuna kibolti kidogo cha kuifunga. Kisipotoka hicho, utapiga nyundo kutwa na haitasogea. Mwagia mafuta ya kulainisha kutu tangu jana yake. Usigonge kwenye nyuzi, maana ncha huchanua na pini haipiti tena kwenye tundu lake. Ivute kwa kipande cha bomba nene, washa na nati, ukikaza taratibu. Ikikataa kabisa, ikate kwa msumeno kati ya amu na nguzo, pande zote mbili, kisha peleka nguzo kwenye presi, mashine ya kusukumia pini kwa nguvu. Mtaa wa Unga Limited, Arusha, kuna mafundi wa kazi hiyo. Pini mpya ipake griisi kabla ya kuirudisha.

Nati tatu za juu za shokapu ziko ndani ya gari, nyuma, chini ya plastiki. Nati nyingine iliyo katikati ya hizo tatu, ya fimbo ya shokapu, usiiguse kabla springi haijabanwa kwa vibano viwili. Mwaga oili ya zamani, safisha bomba, tumbukiza katriji ukiwa umeweka oili kidogo chini ili joto lipate njia ya kutoka. Nati kubwa ya mdomo wa bomba lazima iibane katriji yenyewe. Ikifika mwisho kwenye bomba kabla ya kuibana, katriji itacheza na utasikia kugonga kila shimo. Washa ya unene unaofaa inaliondoa tatizo. Raba ya kuzuia kugonga usiiache iliyochakaa, la sivyo pistoni itagonga chini na shokapu mpya itakufa mapema.

Kwenye amu nimeweka bushi za poliyurethani. Soma maelekezo yake: kuna zinazotaka ganda la chuma la zamani libaki, na zinazotaka litolewe. Zipake griisi ya silikoni. Ukichagua za raba, kaza boliti zake gari likiwa limesimama kwa tairi zake. Ukikaza likining'inia, raba inabaki imejisokota na itachanika.

Toa upepo kwenye breki kabla ya kuingia barabarani. Kwenye matuta ya Usa River nyuma inapanda, inashuka mara moja, inatulia. Zamani iliyumba mpaka tuta la pili. Kwenye changarawe, mwendo wa polepole, ni ngumu kidogo, na hilo nalikubali. Kama una mlio wa "kong" ukiachia klachi, usitegemee shokapu iuondoe: kagua raba ya mbele ya difu na krosi (viungo vinavyopinda) za hafu shafti.

Springi nimeacha urefu wa kiwandani, na nakushauri ufanye hivyo. Ukishusha gari hili tairi za nyuma huinamia ndani, na muundo wa kiwandani hauna pa kurekebisha pembe hiyo, kwa hiyo alaimenti haitakusaidia; tairi italika upande wa ndani. Baada ya safari ya kwanza, tuseme Arusha hadi Boma Ng'ombe na kurudi, pitia tena nati zote kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza, kwa vipimo vya kitabu cha gari.