Uzoefu wangu na Suzuki Swift Sport kama gari ya pili ya kwenda kazini

Hii gari nimekaa nayo muda wa kutosha, ile mizuka ya wiki za mwanzo imeshaisha, kwa hiyo naweza kuiongelea vizuri sasa. Naandika kwa ajili ya mtu ambaye tayari ana gari ya familia nyumbani, kazini anaenda peke yake kila siku, na anataka gari ya pili isiyomkausha mfuko ila akiiendesha anafurahi. Mimi yangu ni Suzuki Swift Sport ile ZC32S (hiyo ni namba ya modeli), iliyoanza kutoka mwishoni mwa 2011 ikaendelea mpaka 2016 hivi, injini ya lita 1.6 haina turbo (ile feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini), gia sita za mkono.

Kabla sijaanza kuangalia gari yoyote nilijiuliza kwanza hii gari ya pili haitakuwa na kazi gani. Haitabeba familia nzima, haitaenda safari ndefu na mizigo, haitavuta tela, maana vyote hivyo gari ya kwanza inafanya. Ukishavitoa hivyo unabaki na mahitaji machache sana: kiti cha dereva kizuri, klachi isiyochosha kwenye foleni, uone vizuri pande zote, spea zipatikane, na usukani unaokuambia kitu. Watu wengi wakitafuta gari ya pili wanarudia mahitaji yale yale ya gari ya kwanza, wanaishia na gari mbili zinazofanya kazi moja, na hiyo raha waliyokuwa wanaitafuta hawaipati popote.

Halafu kuna suala la hp, yaani nguvu za farasi za injini. Safari ya kazini sehemu kubwa ni kati ya 30 na 70 kwa saa, taa, mzunguko, kona mbili tatu nzuri kama una bahati, kwa hiyo gari ya hp 300 utaitumia robo ya uwezo wake siku nzima na miguu imejaa tahadhari. Ninachokitaka mimi ni gari ambayo ukiwa 50 kwa saa unajisikia unaendesha, unaweza kukanyaga akseleta mpaka chini kwenye gia ya pili na bado uko ndani ya sheria. Na hicho kinaletwa na uzito mdogo kuliko kitu kingine chochote. Swift yangu ina kama kilo 1,050. Gari nyepesi inakata kona bila kuyumba, inasimama mapema, haili matairi wala breki pedi haraka, na injini ndogo inatosha kuivuta, yaani kitu kile kile kinachokupa raha ndo kinakupunguzia gharama.

Nilizojaribu kabla ya kuamua. Ya kwanza ilikuwa Mazda MX-5, kizazi cha NB kilichoanza 1998, na aisee hakuna gari yenye usukani mtamu kama ule, injini mbele, nguvu nyuma, uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu, lever ya gia ni fupi na inaingia kama imepakwa siagi. Ningeichukua kabisa kama isingekuwa viti viwili tu na paa la turubai, maana gari inayolala nje kila siku turubai ni mtihani, likizeeka linavuja na kulibadilisha sio kazi ndogo. Kama una sehemu ya kuiegesha ndani na huna haja kabisa ya kiti cha nyuma, nenda kaijaribu kabla ya kusoma hata mstari unaofuata.

Toyota 86 nayo nimeiendesha, 2.0 ya boksa (silinda zimelala pande mbili), hp 200, umekaa chini kabisa na kona inazimeza. Ni gari nzuri mno lakini kwenye foleni ule ukaaji wa chini unachosha, kila gari ya mbele ni ukuta, na milango yake ni mirefu, sehemu ya kuegesha ikiwa imebana unatoka kwa shida. Bima nayo mara nyingi inakuwa juu kwa sababu ni "coupe" ya michezo, gari ya milango miwili. Honda Fit RS, ile GE8 yenye 1.5 ya hp 120, ndo iliyonipa wakati mgumu kuamua, maana tangi la mafuta liko chini ya viti vya mbele kwa hiyo vile vya nyuma unavinyanyua juu unapata nafasi ambayo hakuna hachibeki (gari fupi yenye mlango wa nyuma unaofunguka juu) nyingine ya saizi yake inakupa. Mtu anayetaka gari moja ifanye kila kitu, hiyo ndo jibu. Mimi ya kubeba nilikuwa nayo tayari, nilikuwa nataka ya kuendesha.

Hachibeki za turbo zenye gia za oto za klachi mbili niliziacha zote, na sababu ni matumizi yangu. Zile ambazo klachi zake ni kavu, yaani hazipozwi na oili, hazipendi foleni ya kusogea hatua kwa hatua, klachi inakuwa inateleza muda wote, inapata joto, inakwisha, na bili ya gia ikija kwa gari iliyotumika inaweza kumeza faida yote uliyopata wakati wa kununua. Dizeli pia niliikataa, maana dizeli za kisasa zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi ambacho kinahitaji joto la safari ndefu kujisafisha, sasa mtu wa safari fupi asubuhi na jioni kinaziba tu.

Sasa Swift yenyewe. Injini ni M16A, sentimita za ujazo 1,586, hp 136 zinapatikana kwenye raundi 6,900 kwa dakika, torque (nguvu ya kuzungusha) ni Nm 160 kwenye raundi 4,400. Ukisoma hizo namba vizuri zinakuambia tabia yote ya gari: chini haina nguvu ya kushangaza, ukiwa gia ya nne kwenye raundi 2,000 unataka kuovateki haitakwenda, lazima ushuke mpaka ya tatu au ya pili, na hapo kuanzia 4,000 kwenda juu inabadilika sauti na inaanza kuvuta kwa hamu mpaka karibu na mstari mwekundu wa mita ya raundi. Kuna watu watasema hiyo ni kasoro. Kwangu ndo utamu wenyewe, kwa sababu inanipa kazi ya kufanya, kila kona nachagua gia, kila taa ikiruhusu nina sababu ya kuwa makini, na yote hayo yanatokea kwenye spidi ambayo haimtishi mtu wa pembeni.

Klachi ni nyepesi. Nalisisitiza hili kwa sababu ndo linaua ndoto za watu wengi wa gia za mkono, wanaijaribu gari barabara ikiwa tupu Jumapili, wanainunua, Jumatatu wako kwenye foleni lisaa lizima na goti linalalamika. Mimi niliomba kabisa kuijaribu muda wa jioni watu wakitoka kazini, tena nilikaa kwenye foleni makusudi. Muuzaji hakufurahi sana ila ndo jaribio lililonisaidia kuliko yote. Viti vya mbele vinakushika mbavuni bila kukubana, usukani una marekebisho ya juu chini na mbele nyuma, na vioo ni vikubwa kwa hiyo kuegesha hakuna tabu. Breki ni diski nne zote, zinauma vizuri.

Gharama. Mafuta napata kama kilomita 12 mpaka 13 kwa lita kwenye mchanganyiko wa foleni na barabara iliyofunguka, nikiwa na mguu mzito inashuka na hilo ni la kwangu. Angalia pia aina ya mafuta, hii inataka petroli ya oktani ya juu, kwa hiyo weka hiyo kwenye hesabu mapema. Injini inatumia cheni ya taimingi, sio mkanda, kwa hiyo hakuna ile tarehe ya kubadilisha mkanda inayokuning'inia kichwani, ila cheni nayo inaishi kwa oili, ukichelewesha oili inalegea. Tena mafuta yananyunyiziwa kwenye njia ya hewa kabla ya valvu, hayapigwi moja kwa moja ndani ya silinda, na kwa mtu wa safari fupi hiyo ni nafuu kubwa kwa sababu petroli inakuwa inaziosha valvu zisijenge masizi. Mimi oili nabadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema, maana injini isiyopata muda wa kuchemka vizuri inaacha unyevu na mabaki ya petroli ndani ya oili.

Matairi nenda kaangalie kabla hujanunua gari yoyote ya aina hii. Swift Sport inakuja na 195/45 R17, na hiyo 45 maana yake ukuta wa tairi ni mwembamba, shimo likikukuta unasikia mpaka mgongoni na rimu inaweza kupinda. Wengine wanashuka kwenye rimu za 16 zenye tairi nene kidogo, hilo ni wazo zuri ila hakikisha rimu inapita juu ya kalipa za breki, na kipenyo cha nje cha tairi kisibadilike sana la sivyo spidomita inadanganya.

Mabaya yake sasa. Ni ngumu, shokapu zimekazwa, kwenye lami iliyochoka utajua kila kiraka. Kelele za matairi zinaingia ndani ukifika 100, redio unaongeza sauti. Buti ni lita 210 hivi, begi la kompyuta na manunuzi ya siku mbili, basi. Viti vya nyuma watoto wanakaa, mtu mzima mrefu utamwonea. Kwa usalama Swift ya kizazi hiki ilipata nyota 5 za Euro NCAP (wapimaji wa usalama wa magari wa Ulaya) mwaka 2010, lakini kumbuka vipimo vya wakati ule na vya sasa ni vitu tofauti, usiwe unalinganisha nyota za 2010 na za gari mpya.

Kama unakwenda kuangalia moja, fika injini ikiwa ya baridi, shika boneti kabla haijawashwa, ukikuta ya moto omba urudi siku nyingine. Ikiwaka sikiliza zile sekunde za kwanza, cheni iliyolegea inagonga hapo. Klachi ipime hivi, ukiwa barabara wazi weka gia ya nne kwenye spidi ndogo kisha kanyaga mpaka chini, raundi zikipanda haraka na gari haiongezi mwendo sawasawa basi klachi imekwisha. Shusha kutoka gia ya tatu kwenda ya pili taratibu uone kama inakwaruza. Angalia tarakimu nne za mwisho kwenye ile namba ya DOT iliyochapwa ubavuni mwa kila tairi, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019, tairi nne zenye miaka tofauti na majina tofauti zinakuambia mwenye gari alikuwa ananunua kwa shida, na mtu huyo oili alikuwa anaiahirisha pia. Na kikubwa kabisa, gari za hivi zinapendwa na vijana wa kuzichezea, kwa hiyo ukiona imeshushwa chini, ekzosi imebadilishwa na chujio la hewa la wazi, uliza vifaa vya asili viko wapi. Mimi nilisubiri mpaka nikapata ambayo haijaguswa, nilichelewa lakini sijutii hata kidogo.

Kuna mtu ataniuliza kuhusu ile iliyofuata, ZC33S ya 2017, yenye 1.4 turbo. Nimeiendesha. Ni nyepesi zaidi, kilo 970 ikiwa ya gia za mkono, ina Nm 230 kuanzia raundi 2,500, kwa hiyo kwenye foleni na milima ni rahisi zaidi na hauhitaji kushusha gia kila mara. Kama pesa inaruhusu na unataka gari ya haraka, chukua hiyo. Mimi nilibaki na ya 1.6 kwa sababu napenda injini inayopanda raundi, na pia ni rahisi kuitunza. Ile ya kabla, ZC31S ya 2005 mpaka 2010, nayo ni tamu, hp 125, gia tano, kama bajeti ni ndogo zaidi usiidharau, ila umri wake sasa unataka ukague kutu chini kwa makini, bushi, shokapu na mipira yote ya rejeta. ZC32S ya oto pia ipo, ni CVT (oto isiyo na gia za hatua), inaendesheka lakini usiichukue kama unanunua kwa ajili ya raha, bora Swift ya kawaida utumie pesa kidogo.

Halafu jambo ambalo hakuna aliyeniambia: ukishakuwa na gari ya pili unayoipenda, ile ya kwanza inaanza kukaa. Betri inashuka, breki zinashika kutu, tairi zinakaa upande mmoja. Sasa hivi gari kubwa naitoa kila wikendi hata kama hakuna safari, naiendesha mpaka ipate joto la kutosha ndo narudi, na betri yake nimeiwekea chaja ndogo ya kuishikilia wiki ambazo najua haitatoka.