Pedi za Breki kwa Anayefunga Mwenyewe: Zipi Ununue, Zipi Uziache

Kwa mwenye gari dogo la Dar es Salaam anayekusudia kubadilisha pedi za breki nyumbani, chaguo la kwanza ni pedi za kauri, au zile za nyuzi zisizo na chuma kingi, zinazouzwa ndani ya boksi moja na klipu zake mpya, yaani vibati vinavyoshika masikio ya pedi. Pedi hizi hazipigi kelele sana, hazili diski haraka, na huzifaa safari za foleni ya Barabara ya Morogoro, ambako mguu hauondoki kwenye breki.

Nasisitiza klipu kwa sababu mteja anayefika maduka ya vipuri ya Gerezani au Kariakoo kwa kawaida huulizia bei ya pedi tupu, kisha huenda kuzipachika juu ya klipu zilizoliwa na kutu. Kwa magari yanayolala karibu na bahari, kama vile Kigamboni au Mbezi Beach, kutu hiyo hubana masikio ya pedi, na pedi ikaendelea kusugua diski hata mguu ukiwa umeondoka. Ukifungua gurudumu ukakuta pedi ya ndani imebaki milimita 2 ilhali ya nje ina 7, chunguza kwanza pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski), kwani zikiganda, pedi mpya nazo zitakwisha upande mmoja vilevile. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo anunue pedi za bei ya kati pamoja na klipu, raba za pini na grisi ya silikoni, kabla ya kufikiria pedi za bei kubwa. Grisi ya kawaida ya beringi isiguse pini hizo, kwa kuwa mafuta yake huvimbisha raba.

Chaguo la pili ni pedi zenye unga mwingi wa chuma. Zina kelele na hula diski, lakini huvumilia joto, hivyo ndizo ningezichagua kwa Hiace ya abiria au Hilux inayoshuka mlima wa Kitonga na mzigo.

Kabla ya kulipa, geuza pedi usome herufi mbili zilizoandikwa ukingoni. Ya kwanza huonyesha kiwango cha msuguano pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa imepata moto sana: E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Herufi hizo hazisemi pedi itadumu muda gani, ila FF ni chaguo salama kwa gari dogo. Alama ya E ndani ya duara pamoja na maandishi 90R, ambayo si herufi ya msuguano bali ni alama ya kanuni ya Umoja wa Mataifa ya pedi za breki, huongeza uhakika.

Pedi zisizo na jina la mtengenezaji wala herufi yoyote ziache, hata ukishushiwa bei. Za mtumba ndizo za mwisho kabisa, kwa kuwa huwezi kujua zilipata moto kiasi gani wala kama zililowa mafuta.

Nenda dukani na namba ya chesisi pamoja na pedi ya zamani, uilaze juu ya mpya ulinganishe umbo na masikio, na ununue za magurudumu yote mawili ya ekseli unayobadilisha.