Daluga za ngozi au za ngozi bandia?

Kwa sisi tunaocheza viwanja vya mtaani hapa Tanga, mimi bado niko upande wa ngozi. Daluga ya ngozi, hasa ya kangaruu, hulainika na kufuata umbo la mguu baada ya mechi chache. Kwa hiyo usinunue inayopwaya, itazidi kutanuka. Adha yake ni masika: inafyonza maji, inakuwa nzito, na ukiianika juani inakakamaa hadi kupasuka. Ijaze magazeti makavu, iache kivulini.

Ngozi bandia haina habari na mvua, unaifuta tu kwa kitambaa. Ila haitanuki sana: ikikubana kidole dukani, itakubana mpaka siku utakayotundika daluga. Ya mtumba? Ikunje kwanza pale penye vidole. Ikionyesha nyufa, mrudishie mwenyewe.