Tangi gani la mafuta kwa boti ndogo ya uvuvi? Mwongozo kwa wavuvi wa Mtwara na Lindi

Nianze na jibu, maana najua kuna anayesoma hapa boti yake ikiwa imepandishwa mchangani na fundi anasubiri pesa. Kama una injini ya kupachika ya HP 8 hadi 25 na unarudi nyumbani siku hiyohiyo, nunua matangi mawili ya plastiki ya kubebeka, yale ya lita 24 au 25 yaliyotengenezwa kwa ajili ya boti. Kama una HP 40 na unakwenda dago (kambi ya uvuvi ya mbali), hapo tangi la kudumu linaanza kuwa na maana: la kwanza kufikiria ni la plastiki nene, la pili ni la alumini. Mwenye injini ya dizeli ya ndani ana habari yake, nitaifikia. Na dumu la njano la mafuta ya kula si tangi, hata kama limezoeleka kuanzia Msimbati mpaka Kilwa Kivinje.

Piga hesabu kabla ya kutoa pesa

Mashine (yaani injini) ya HP 15 ya kuchanganya oili, ukiifungua yote, inakula karibu lita 6 hadi 7 kwa saa. Ya 40 inakula lita 15 hadi 18. Sasa chukua safari yako. Tuseme saa mbili kwenda na mbili kurudi kwa mashine ya 15: ni kama lita 26. Hizo zihesabu kuwa theluthi mbili tu. Theluthi ya tatu ni akiba, kwa sababu upepo wa kusi ukishaamka mchana unarudi na mzigo huku unapigana na wimbi, na mashine ileile inakula zaidi. Kwa hiyo unahitaji lita 39. Matangi mawili ya 24 ukiyajaza asilimia 90 (usijaze mpaka mdomoni, petroli hutanuka kwa joto) yanakupa lita 43. Imetosha.

Safari hiyohiyo kwa mashine ya 40 inataka lita 68, na ukiongeza akiba ni lita 102. Hayo ni matangi matano ya kubebeka yanayogombania nafasi na nyavu, barafu na miguu ya mabaharia. Hapo ndipo mtu anapoanza kutafuta tangi la kudumu, na ana haki. Ila akumbuke kwamba lita 100 za petroli zina uzito wa kilo 74 hivi bila tangi lenyewe, na uzito huo ukikaa tezi (nyuma) pamoja na mashine, omo (mbele) inanyanyuka.

La kwanza: tangi la plastiki la kubebeka

Sijaliweka juu kwa sababu ya bei peke yake. Kinachowasumbua wengi baharini ni maji ndani ya petroli, na tangi la kubebeka ndilo unaloweza kulinyanyua, ukaligeuza, ukalisuuza na kuliona ndani. Fanya jaribio hili leo, mbali na moto: tikisa tangi ulilonalo, mimina nusu lita ya chini kabisa kwenye chupa ya kioo isiyo na rangi, iache itulie. Petroli itakaa juu na rangi yake ya oili. Chini utaona mstari, na chini ya mstari kitu cheupe kinachotambaa ukiinamisha chupa, pengine na chembe za mchanga. Hayo ni maji. Yakifika kwenye kabureta, mashine inakohoa na kuzima. Ukivuta kamba inawaka kidogo, inazima tena. Mengi huingia wakati wa kumimina: boti iko majini, wimbi linarusha, mdomo wa tangi uko wazi. Na kile kitambaa tunachoweka kwenye faneli kinazuia takataka, maji hakiyazuii.

Halafu kuna suala la oili. Mashine nyingi za huku ni za kuchanganya, na kipimo chake kwa kawaida ni 1 kwa 50 mashine ikishazoea, yaani lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili. (Mashine mpya ina kipimo chake cha mwanzo, fuata kitabu.) Kwenye tangi dogo unatia oili, unatia petroli, unatikisa, basi. Tangi la lita 100 lililofungwa chini ya sakafu hulitikisi. Wala hujui sawasawa ndani mmebaki lita ngapi. Ukipunja oili, pistoni inashika. Ukizidisha, plagi zinachafuka. Mwenye tangi la kudumu inabidi achanganye nje kwanza, kwenye chombo cha kupimia, ndipo amimine.

Ukiwa dukani, shika tangi kwa mkono. Plastiki iwe nene na isibonyee kirahisi. Sugua kwa kidole: likiacha unga mweupe, limeshakaa juani miezi mingi, liache hapohapo. Fungua mfuniko uone kama skrubu ya hewa inafunga na kufunguka vizuri. Chomoa bomba la kufyonzea, uangalie kama lina wavu mwishoni na linafika karibu na sakafu ya tangi. Konekta ndiyo inayowaliza watu: ya Yamaha haiingii kwenye Suzuki wala Tohatsu, kwa hiyo nenda dukani na konekta ya zamani mfukoni. Matangi ya kuiga yapo mengi, na mara nyingi plastiki yenyewe haina shida. Shida ni geji, konekta na raba zake ndogo. Mfyonzo ukivuta hewa kwenye raba mbovu utadhani mashine imekufa.

Mkononi mwa baharia mgeni, skrubu ya hewa ni mtihani. Ikisahauliwa imefungwa, mashine inakwenda dakika chache, tangi linabonyea lenyewe kwa kufyonzwa, mashine inazima. Ikiwa imefungwa boti inapopumzika juani huku mpira wa mafuta umechomekwa, joto linasukuma petroli mpaka kwenye kabureta na mashine inalewa, yaani inajaa petroli na kugoma kuwaka. Safarini fungua. Ukitia nanga, chomoa mpira kwenye mashine, kisha funga.

La pili: plastiki la kudumu

Haya ni matangi mazito yaliyomwagwa kipande kimoja, bila mshono, ya lita 50 na kuendelea. Hayashiki kutu kabisa, na kwa maji yetu ya chumvi hiyo ni nusu ya vita. Kwa kawaida utayaagiza Dar es Salaam, na kutoka huko mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, kwa hiyo pima nafasi ndani ya boti mara mbili kabla ya kulipa. Huwezi kulikata likae.

Kasoro yake wauzaji hawaisemi: plastiki ya aina hii ikikaa na petroli hutanuka. Acha nafasi ya sentimita 2 au 3 kwa kila mita ya urefu, na usilibane kwa misumari wala kulizungushia faiba. Fundi akilichomeka likiwa jipya na kavu, likakaa kama limetengenezewa hapohapo, baada ya wiki kadhaa litaanza kusukuma mbao.

La tatu: alumini. La nne: stenlesi

Nimeziweka pamoja kwa sababu zote mbili zinategemea fundi kuliko bati. Faida yake ni kwamba tangi linafuata umbo la boti yako. Kwa alumini, uliza namba ya bati: 5052 au 5083 ndizo za baharini, unene milimita 3 kwenda juu, na kuchomelea kwa gesi ya argoni. Bati la sufuria halifai. Alumini haiogopi maji ya bahari yanayopita, inaogopa yanayotuama. Ukiliweka juu ya plaiwudi iliyolowa au ukalizungushia sponji, linaoza kwa chini, mahali usipopaona. Liinue kwa vipande vya raba ngumu isiyonyonya maji, hewa ipite pande zote. Na shaba isigusane nayo, hata kwenye konekta.

Stenlesi inang'aa, inauzika kwa macho, na ndiyo inayopendekezwa na mafundi wa mageti. Hao wana bati la namba 304. Kwa maji ya chumvi unataka 316L. Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha, maana zote mbili kwa kawaida hazivutwi; omba risiti ya bati. Likianza kuharibika halishiki kutu usoni kama chuma, linatoboka vitundu vidogo kando ya mshono, na petroli inaanza kutoka kimyakimya. Kwa boti ndogo ya petroli mimi naona ni pesa nyingi kwa wasiwasi uleule, ndiyo maana iko chini ya alumini.

Dizeli, faiba na madumu

Kwa mashua yenye dizeli ya ndani, chuma cheusi cha kawaida bado kinakubalika, mradi kiwe kinene, kimepakwa rangi nje tu, na kina kibakuli chini chenye koki ya kutolea maji. Usikubali bati la mabati: zinki na dizeli hazipatani, na uchafu unaotokea unaziba nozeli. Petroli kwenye chuma cheusi, hapana.

Tangi la faiba lililojengwa humohumo ndani ya boti linaonekana rahisi kwa sababu fundi wa faiba yupo tayari. Resini ya kawaida ya kujengea boti si ya kukaa na petroli miaka nenda rudi. Inalainika, inaachia utando unaoingia kwenye kabureta. Lipite.

Dumu: plastiki nyembamba, halina njia ya hewa, mpira umechomekwa kwenye tundu lililotobolewa kwa msumari wa moto. Likipinduka linamwaga. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hauruki, unashuka ngamani (chini kabisa ndani ya boti) na kukaa humo ukisubiri cheche ya betri au ya sigara.

Kufunga

Tangi la kubebeka nalo linafungwa. Mkanda imara na kizuizi cha mbao pande nne, lisiteleze wimbi likipiga ubavuni. Likae mbali na betri na lisitulie ndani ya maji ya ngama. Kujaza, lishushe chini kwenye mchanga, usilijazie ndani ya boti.

La kudumu lina kazi zaidi. Likiwa refu liwe na vizuizi ndani, vinginevyo mafuta yanakimbia omo na tezi na boti inayumba nayo. Mafuta yatoke kwa juu, kwa bomba linaloshuka na kuishia kama sentimita 2 au 3 juu ya sakafu ya tangi. Kwa petroli usitoboe chini kabisa. Mdomo wa kujazia na njia ya hewa vyote viishie nje ya boti, na bomba la hewa lipinde juu kisha chini, lenye wavu mdomoni, lisivute maji. Fundi akikuambia njia ya hewa si lazima, mwombe akurudishie pesa. Mpira wa kujazia ufungwe kwa klipu mbili za stenlesi kila upande. Mdomo wa chuma uunganishwe kwa waya na tangi la chuma, umeme tuli usipate pa kurukia.

Mpira wa mafuta uwe wa boti, wenye maandishi ISO 7840 ubavuni. Ule mpira mweupe wa maji unaouzwa kwa mita, petroli inaukausha mpaka unapasuka. Pampu ya mkono ielekee mshale wake kwenye mashine. Kati ya tangi na mashine weka filta ya kutenganisha maji yenye bakuli la kuonea. Ikibidi upunguze gharama, punguza kwingine, si hapa. Msimu wa kusi wimbi linakoroga uchafu wote uliolala chini ya tangi, na filta ndiyo inayoupokea.

Kabla ya kurudisha sakafu, ziba matundu yote, tia hewa kidogo kwa pampu ya baiskeli (0.2 bar inatosha, ukizidisha unalipasua), pitisha povu la sabuni kwenye kila mshono na kila klipu. Povu likicheza, panavuja. Na tangi la kudumu ni badiliko la chombo, kwa hiyo mkaguzi wa TASAC (shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini) alione sakafu ikiwa bado wazi.

Lile la zamani usimpelekee fundi wa kuchomelea azibe, hata kama limekaa tupu mwezi mzima. Tangi tupu lililokuwa na petroli ni hatari kuliko lililojaa, maana mvuke ndio unaolipuka. Ukiliuza kama chuma chakavu, lisuuze kwa maji na sabuni, liache wazi juani mbali na jiko, na mwambie mnunuzi wazi kwamba lilikuwa na petroli.