Shangazi Amezikataa Karanga: Tuzipime na Korosho, Lozi na Jozi

Haya, karibuni. Leo mezani nina sahani nne na karatasi nyeupe. Hii ya kwanza ni karanga za kukaanga, nimezichukua kwa mama wa hapo kona. Ya pili korosho za Mtwara. Ya tatu lozi za dukani, hizi zimesafiri kunishinda mimi. Ya nne jozi, zile zenye umbo la ubongo, na mnaona ziko chache. Bei yake tuiache. Hilo kopo pembeni ni siagi ya karanga, nalo tutalifungua.

Aliyenifanya niwashe kamera ni shangazi yangu. Nilimpelekea karanga, akazisogeza kando: "Mwanangu, hizi zina mafuta mabaya. Mimi na presha yangu nakula korosho." Nikanyamaza, maana shangazi habishiwi mbele ya wageni. Leo wageni hawapo.

Tazama hapa kwenye karatasi. Naweka karanga moja, naiponda kwa mgongo wa kijiko, nafuta. Umeona hilo doa? Ukiliinua dirishani linapitisha mwanga. Sasa korosho... doa. Lozi, doa. Jozi ndiyo kabisa, kama nimemwaga taa ya mafuta. Katika gramu 100 za karanga, mafuta ni kama gramu 49. Lozi 50, korosho 44, jozi 65. Kwa hiyo hapa hakuna asiye na mafuta, na anayekula korosho akidhani amekimbia mafuta amekimbilia chumba cha pili cha nyumba ileile.

Cha kuuliza ni mafuta ya namna gani. Kuna yale yanayoganda yakipoa, kama samli, na hayo ndiyo yanayopandisha kolesteroli yakizidi. Kuna yanayobaki majimaji, kama ya alizeti. Karanga, katika zile gramu 49, yanayoganda ni kati ya 6 na 7. Korosho, kwenye gramu zake 44, yanakaribia 8. Ndiyo, shangazi, umesikia vizuri. Mwaka 2003 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliruhusu pakiti za baadhi ya vyakula vya jamii hii ziandikwe kwamba kuvila kama gramu 42 kwa siku, ndani ya mlo usio na mafuta mengi ya kuganda, huenda kukapunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Karanga ziliingia kwenye orodha ya vilivyoruhusiwa. Korosho zikaachwa nje, kwa sababu hiyohiyo ya mafuta ya kuganda.

Lakini tusiwaonee watu wa Mtwara. Tofauti ni gramu moja na ushee, si ya kuvunja undugu. Na kusema kweli huyo shangazi yangu mchuzi wake bila tui zito haushuki, na mafuta ya nazi karibu yote ni ya kuganda. Karanga ndiyo iliyotafutiwa kesi.

Lozi nazipa haki yake: mafuta ya kuganda hayafiki gramu 4, na vitamini E ni kama miligramu 25, wakati karanga ina 8 na korosho haifikishi hata 1. Jozi zina omega-3, yale mafuta ya majimaji yanayosifiwa kwa moyo, gramu 9 hivi. Hapo karanga inashindwa vibaya, haina kitu. Ila omega-3 mimi naifuata kwenye dagaa, na fungu la dagaa bado naliweza.

Wako wanaosema karanga si jamii ya hizi nyingine. Kweli, ni ndugu yake kunde. Ua lake likishachavushwa, kikonyo kinainama kinachoma udongo, karanga inakulia chini. Lakini moyo hauangalii ukoo. Mwaka 2015 ulitoka utafiti uliofuatilia watu zaidi ya 200,000, wa majimbo ya kusini mwa Marekani, wengi wa kipato cha chini, na wakazi wa Shanghai. Katika jamii hii ya lozi na korosho, walichokuwa wakila zaidi ni karanga. Waliokula nyingi walikuwa na vifo vichache kuliko wasiokula, hasa kwa maradhi ya moyo. Ni utafiti wa kufuatilia tu, hauthibitishi kwamba karanga ndiyo iliyowaokoa, lakini pia hauoneshi hayo mafuta mabaya ya shangazi.

Sasa sogea, maana kinachonitia wasiwasi kwenye karanga ni hiki. Namwaga kiganja kimoja mezani. Hii sawa, hii sawa... hii hapa, imekunjamana kama zabibu kavu. Hii ina weusi pembeni. Hii naipasua, ndani kuna ukungu wa kijanikijani. Zote tatu pipani. Hilo ni kuvu, nalo hutoa sumukuvu, inayoharibu ini na hata kuleta saratani yake. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na chanzo kikaja kuonekana ni mashudu ya karanga kwenye chakula chao. Usijidanganye kwamba ukikaanga imekwisha: moto wa jikoni hupunguza, haumalizi. Kinga inaanza shambani kwa kuanika vizuri, na nyumbani ni kuchambua. Ukionja ikawa chungu, tema.

Ndiyo maana karanga za kusagwa sokoni sinunui. Iliyooza ikishasagwa utaichambuaje? Nanunua nzima, nachambua, nakaanga, napeleka mashineni mwenyewe. Na hili kopo... lebo inasema karanga, sukari, mafuta ya mawese, chumvi. Mafuta ya mawese ya nini, na karanga imekuja na yake? Ni ili siagi isijitenge. Mimi nataka ile iliyojitenga, mafuta yameelea juu, unakoroga unapaka. Hii nimeilamba, tamu kama kashata, lakini ya mkate wa kila asubuhi, hapana.

Kipimo ni kiganja kimoja, gramu 30 hivi, tayari kalori kama 170. Mkiweka bakuli mbele ya mpira, dakika 90 zitalimaliza. Watoto wadogo msiwape nzima, zinapalia. Na mwenye mzio wa karanga, yote haya hayakuhusu.

Nimebakiza kitu kimoja. Hii ni pakiti ya korosho za shangazi, nimeichukua kwake. Naingiza kidole, nalamba... chumvi tupu! Na presha ile! Jumamosi nakwenda kwake na kilo ya karanga nilizochambua, hazina hata chembe ya chumvi. Mkiniona wiki ijayo nazitafuna mwenyewe, mjue zimerudi.