Citi Field: uwanja mzuri uliochelewa kuwakumbuka wenyewe

Nianze na sifa za Citi Field, uwanja wa timu ya besiboli ya Mets jijini New York, maana zipo. Ukishuka treni namba 7 kwenye kituo cha Mets–Willets Point, lango kuu liko mbele yako, hata huna haja ya kuuliza mtu. Viti vimeelekezwa vizuri, magoti yanapata nafasi, na chakula ni chakula kweli. Waliozoea Shea Stadium, ule wa zamani uliokuwa jirani kabisa na hapo hadi ulipobomolewa, wanajua tumetoka wapi. Shea ulifunguliwa 1964 na miaka ya mwisho ulikuwa umechoka vibaya. Kama wewe ni mtalii unayetaka kuona besiboli jioni moja New York, nenda Citi Field, hutajuta.

Mimi si mtalii. Naishi Queens, sehemu ya New York ulipo uwanja huu, na nilianza kuishabikia Mets pale Shea, kwa hiyo nauhukumu uwanja huu kwa jambo moja tu: unajua ni nyumba ya nani?

Ulipofunguliwa Aprili 2009, haukujua. Ukiingia lango kuu unakuta ukumbi wa duara wenye matao marefu, na ndani yake namba 42 ya buluu iliyomzidi mtu kimo. Ni ya Jackie Robinson, mchezaji wa timu ya Brooklyn Dodgers. Maneno ya kumsifu yamezunguka ukumbi: ujasiri, haki, uvumilivu. Kuta za nje za matofali nazo zimeigwa kutoka Ebbets Field, uwanja wa zamani wa Dodgers hao hao. Kijana wangu, wakati huo bado mdogo, alitazama picha zote kisha akaniuliza, "Baba, huyu alichezea Mets mwaka gani?"

Hakuichezea hata siku moja. Robinson alistaafu baada ya msimu wa 1956, na Mets ilianza kucheza 1962. Dodgers wenyewe walishahamia Los Angeles.

Nieleweke vizuri. Robinson ndiye aliyevunja ubaguzi wa rangi wa ligi kuu ya besiboli mwaka 1947, na mtu mweusi anayeishi nchi hii hahitaji kufundishwa maana yake. Tena Shea Stadium ndipo namba 42 ilipostaafishwa kwa timu zote za ligi, yaani mchezaji mpya asipewe tena, tarehe 15 Aprili 1997, Rais Clinton akiwepo. Ukumbi wake uko mahali panapostahili. Swali letu lilikuwa, wenye nyumba wako wapi? Chukua Gor Mahia wajenge uwanja wao, halafu ukiingia upokelewe na ukumbi mzima wa Joe Kadenge wa Abaluhya, mahasimu wao, na wa Gor wenyewe uwatafute kwa tochi. Kadenge tunamheshimu sote. Lakini Nairobi siku hiyo pasingelalika.

Mwenye timu wakati ule, Fred Wilpon, alikulia Brooklyn akiipenda Dodgers. Baadaye mwenyewe alikuja kukiri kwamba mambo ya Dodgers yalizidi. Hata rangi zilitupita. Mets ni buluu na chungwa: buluu ya Dodgers na chungwa la Giants, timu mbili zilizoihama New York zikaacha mashabiki mayatima. Historia yote iko kwenye jezi! Sisi tukapewa viti vya kijani kilichokolea na ukuta mweusi.

Na tufaha. Pale Shea, mchezaji wetu akiupiga mpira ukavuka ukuta, tufaha kubwa jekundu lilichomoza kutoka kwenye kofia. Kitu cha kitoto, rangi imechakaa, lakini watu walikipenda kuliko wachezaji wengine niwaonao leo. Uwanja mpya ukaja na tufaha jipya, kubwa zaidi, na lile la zamani likawekwa huko pembeni, mbali na lango kuu.

Hii si timu isiyo na hadithi. Ilipoteza mechi 120 katika msimu wake wa kwanza, ikawa kichekesho cha nchi nzima, kisha 1969 ikatwaa World Series, fainali ya ubingwa wa ligi kuu. Ikarudia 1986.

Haki isemwe, walisikia kelele. Mwaka 2010 wakafungua jumba dogo la makumbusho kando ya ukumbi wa Robinson, na makombe yote mawili yamo. Tufaha la zamani likahamishiwa mbele ya lango kuu, na sasa ndipo watu wanapokutania. Mwaka 2012 ukuta ukapakwa buluu. Kila marekebisho nilifurahia, na kila mara nilijiuliza kwa nini tulilazimika kuomba.

Lisilorekebishika ni la Tom Seaver. Huyu ndiye mrushaji mkubwa kuliko wote waliowahi kuvaa jezi yetu. Alishinda mechi 25 mwaka ule wa 1969. Mtaa wa kando ya uwanja ulipewa jina lake 2019, na anwani sasa ni 41 Seaver Way, 41 ikiwa namba yake. Sanamu ilizinduliwa Aprili 2022. Seaver alikuwa amefariki Agosti 2020. Sanamu yenyewe ni kazi safi: amejikunja katikati ya kurusha, goti la kulia liko chini karibu na udongo, vile vile alivyokuwa akirusha hadi suruali inachafuka. Nimesimama mbele yake muda mrefu na sijaiona kasoro, isipokuwa tarehe.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote haina tiketi. Kwenye maegesho ya magari upande wa magharibi wameweka alama chini zinazoonyesha vituo vya mchezo vya Shea, vile wanavyokanyaga wakimbiaji, vilikuwa wapi, pamoja na pale aliposimama mrushaji. Nilimkuta mzee mwenye jezi ya Mookie Wilson, mchezaji wetu wa zamani, amesimama kwenye alama ya kituo cha kwanza, ameinama, miguu kaipanua, akiigiza jinsi mpira alioupiga Wilson ulivyompita Bill Buckner wa Boston katikati ya miguu kwenye fainali ile ya 1986. Mjukuu anapiga picha kwa simu. Nyuma yao dereva aliyetaka kuegesha alipiga honi mara moja, akashusha kioo, akaona ni nini kinaendelea, akazima gari kusubiri.

Naupa nyota tatu na nusu kati ya tano. Mwaka 2009 ningeupa mbili. Fika mapema, maegeshoni uanzie kabla magari hayajafunika zile alama, kisha makumbusho kabla hapajajaa. Kama ni Aprili beba koti zito, maana upepo wa ghuba ya Flushing usiku hauna adabu.